Kabla Hujamwambia "Acha Gemu", Mpime Macho

Mtu akikwambia amefika Newala lakini hakufika Shimo la Mungu, mwambie arudi tena. Pale pembeni ya mji ardhi inakatika ghafla. Uwanda wa Makonde unaishia hapo, chini yake limetandaa bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Sisi wa kule tunakwenda jioni kupunga upepo, tunakaa tunahesabu moshi wa watu wanaosafisha mashamba mbali huko chini.

Septemba ya mwaka juzi nilikuwa likizo, nikaenda pale na bibi yangu pamoja na mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, yuko darasa la tatu. Mtoto akanyoosha kidole: "Kaka, ona ule moshi, uko karibu na mto!" Nikatazama. Sikuona moshi, mto wala shamba. Niliona kijani iliyofifia chini na bluu iliyofifia juu, basi. Nikajibu kama mtu mzima, "Leo kuna ukungu." Bibi akacheka mpaka akajishika kiuno. Bibi yangu ananiita mume wake, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Akasema, "Ukungu uko wapi, mume wangu? Ukungu uko machoni mwako."

Na ni bibi huyohuyo ambaye akitaka kushona lazima aniite nimtungie uzi kwenye sindano. Yaani bibi wa miaka sabini na kitu anaona Msumbiji, sindano haioni. Mimi wa miaka 20 naona sindano, Msumbiji siioni.

Habari ikafika nyumbani kabla yetu. Mjomba, ambaye kwetu Wamakonde akishasema amesema, alitoa hukumu bila hata kuinuka kwenye kiti: "Simu hiyo. Gemu hizo. Nilisema mimi." Wote wakakubali. Hata mimi nilikubali, maana kweli nilikuwa mcheza gemu, tena si wa kubahatisha.

Nimekaa na hukumu ile miaka miwili sasa. Nimepimwa, nimevaa miwani, nimesoma kidogo, nimekwenda TP nikafundisha. Naandika leo kwa sababu naona mjomba alishika nusu ya ukweli, na sisi tunaosomea ualimu tukienda kazini na nusu hiyo tutaumiza watoto wa watu. Mimi tayari nimemuumiza mmoja. Nitafika kwake.

Tuanze na jicho lenyewe. Mara nyingi jicho la mtu asiyeona mbali limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga ukiingia, badala ya kukutana juu ya retina, lile pazia la nyuma linalopokea picha, unakutana kabla haujafika. Cha karibu unakiona safi, cha mbali kinakuwa ukungu. Kurefuka huko hutokea zaidi utotoni na ujanani, mwili unapokua, na jicho likisharefuka halirudi. Miwani inarekebisha picha tu. Na jicho likirefuka sana, ukubwani mtu anakuwa kwenye hatari zaidi ya retina kubanduka na ya magonjwa kama glakoma.

Kwa nini linarefuka? Urithi upo. Kazi za karibu nazo zinatajwa: kusoma, kuandika, kukodolea simu iliyo sentimita ishirini kutoka puani. Lakini jambo lililothibitika vizuri zaidi ni mwanga wa mchana. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, wengine wakiishi Sydney, wengine Singapore. Wa Singapore waliokuwa hawaoni mbali walikuwa asilimia 29.1. Wa Sydney walikuwa asilimia 3.3. Ungedhani wa Sydney hawashiki kitabu. Kumbe wao ndio waliosoma vitabu zaidi! Tofauti kubwa ilikuwa muda wa kukaa nje: Sydney saa 13.75 kwa wiki, Singapore saa 3.05.

Kisha huko Guangzhou, China, watafiti wakachukua shule za msingi 12. Nusu ya shule wakaziongezea dakika 40 za shughuli za nje kila siku, nusu wakaziacha kama zilivyo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo katika shule zilizotolewa nje walikuwa asilimia 30.4, na katika zile nyingine asilimia 39.5. Hakuna dawa iliyotumika pale, ni jua tu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali wa mchana unaifanya retina itoe dopamini, na dopamini inapunguza kasi ya jicho kurefuka. Hapa sisemi mtu alitazame jua, hiyo ni kujitafutia upofu. Nasema awe nje. Hata kivulini, chini ya mkorosho, mwanga wa mchana unazidi ule wa darasani mara nyingi sana.

Sasa rudi kwenye gemu. Gemu ina mashtaka mawili ya haki: inalikalisha jicho karibu muda mrefu, na inamla mtoto saa zake za mchana. La pili ndilo zito. Msimu wa korosho ukifika kwetu, minada ikianza Oktoba, pesa inaingia mitaani, na vibanda vya gemu vinajaa. Nimekulia kwenye vibanda hivyo. Chumba cha mabati, dirisha limezibwa kwa khanga ili televisheni ionekane vizuri, watoto kumi wamebanana kwenye benchi saa nane mchana, nje jua linawaka bure. Hapo mjomba ana haki yake yote.

Lakini mjomba hakuwahi kuuliza niliingiaje kwenye kile kibanda.

Mpaka Kidato cha Pili nilikuwa nacheza mpira, winga wa kulia. Halafu nikaanza kuharibu. Krosi inakuja, naruka mapema au nachelewa. Mwenzangu ananiita kutoka upande wa pili wa uwanja, simtambui, natoa pasi kwa adui. Wakaniita "kipofu", tukacheka wote, na mimi nilicheka nao. Sikujua kwamba wengine wanauona mpira tangu unapopigwa. Mimi nilikuwa nauona ukishafika. Jioni moja sikuchaguliwa, kesho yake sikuchaguliwa, siku ya tatu sikwenda. Nikaenda kibandani. Shilingi mia mbili kwa mechi, nakaa benchi la mbele, na kila kitu kiko wazi: jezi, namba mgongoni, mpira. Nikawa fundi. Waliokuwa hawanichagui uwanjani wakawa wanapanga foleni nicheze nao.

Unaona mambo yalivyokwenda? Wakati huo simu sikuwa nayo, nimeipata baada ya Kidato cha Sita. Siwezi kuapa kwamba gemu ndiyo iliyoniharibu macho, maana macho yalishaanza kuharibika nikiwa bado uwanjani. Mpira wa nje niliuacha kwa sababu siuoni, nikahamia ule wa kwenye kioo kwa sababu nauona. Na nilipohamia ndani ndipo nikaukosa mchana wote, miaka ile ambayo jicho linakua. Kwa hiyo mzunguko ule ulikuwa na milango miwili, na wazazi, walimu na wajomba zetu wanaulinda mmoja tu.

Tena kioo kilinificha ugonjwa. Mtu asiyeona mbali akiwa na simu hana ulemavu wowote. Dunia yote imeletwa sentimita ishirini. Ndiyo maana nilifika miaka 20 nikiamini Newala ina ukungu mwingi. Nilipojiunga na chuo nilileta fomu ya uchunguzi wa afya yenye mstari wa macho, umejazwa na kusainiwa hospitalini, na hakuna mtu aliyenitaka nisome hata herufi moja. Fomu ilisema naona vizuri. Nikaiamini.

Sasa huyo mtoto niliyemuumiza.

Mwaka jana nilikuwa TP katika shule moja ya kata huko huko kwetu. Nafundisha Jiografia Kidato cha Pili. Kulikuwa na binti anakaa mstari wa tatu kutoka nyuma, na kila nikigeuka kutoka ubaoni nakuta shingo yake iko kwenye daftari la jirani. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilionya. Mara ya tatu nikamsimamisha mbele ya darasa zima nikamwambia mwizi wa maandishi leo ndiye mwizi wa mtihani kesho. Wenzake wakacheka. Akasema polepole, "Mwalimu, ubaoni sioni." Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ningependa: "Huoni au hutaki kuona? Punguza simu."

Nilikuwa nimevaa miwani yangu wakati nasema hayo.

Binti yule hana simu. Nyumbani kwao haina umeme. Ni mtoto wa kuteka maji, na anayeijua Newala anajua shida ya maji juu ya uwanda ule. Nilikuja kuyajua haya baada ya wiki nzima, pale mwenzake aliponiambia, "Mwalimu, huyu huwa tunamsomea." Wamekuwa wakimsomea ubao tangu Kidato cha Kwanza. Watoto wa miaka 15 walishagundua tatizo na kulitafutia ufumbuzi, halafu mimi, msomi wa saikolojia ya elimu, nikaja nikaupiga marufuku ufumbuzi wao.

Nilimhamishia mbele. Nikampima kwa njia nitakayoieleza chini, akashindwa macho yote mawili. Nikaongea na mkuu wa shule, naye alikuwa muungwana, akamwita mama yake. Mama aliogopa jambo moja: kwamba binti akianza miwani mapema macho yatadeka, hatayaweza tena bila miwani. Nilimweleza kwamba miwani haiharibu macho. Alinisikiliza kwa heshima, "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," lakini TP yangu ilipokwisha binti alikuwa bado hana miwani. Sijui kama anayo leo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mtu asidhani ni kisa cha binti mmoja. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Wasioona mbali walikuwa asilimia 5.6, na kati ya wote waliohitaji miwani, waliokuwa nayo walikuwa karibu watatu tu katika kila kumi. Asilimia 5.6 unaweza kuiona ndogo ukilinganisha na Seoul, ambako vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi mwaka 2010 walikuwa na tatizo hilo kwa asilimia 96.5. Lakini ipigie hesabu ya darasa la wanafunzi 60: ni watatu au wanne. Katika kila darasa utakaloingia, mwalimu mtarajiwa, wapo watatu wanaosomewa na wenzao. Na utafiti ule ulifanyika kabla simu janja hazijaingia kwenye mifuko ya watu.

Hata miwani ikipatikana, kazi haijaisha. Utafiti mwingine wa Dar es Salaam, wa mwaka 2008, uligawa miwani bure kwa kundi moja la wanafunzi wa sekondari, na kundi jingine likapewa karatasi ya vipimo likanunue lenyewe. Baada ya miezi mitatu, waliokutwa na miwani yao shuleni walikuwa asilimia 47 kwa waliopewa bure na asilimia 26 kwa wale wengine. Yaani hata ya bure, zaidi ya nusu hawaitumii. Sababu tunazijua bila kuambiwa. "Profesa." "Babu." "Macho manne." Hapa hapa chuoni najua wana wawili wanaovaa miwani chumbani na kuivua kabla ya kuingia ukumbini, wanakaa nyuma, halafu wanaomba desa. Tusiwacheke watoto wa Newala.

Najua kuna atakayesema, "Kaka, umepata kisingizio cha kutetea magemu." Hapana. Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili nilicheza eFootball mpaka saa tisa usiku kwa wiki nyingi, na sapu niliyoibeba haikusababishwa na jicho. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kama tatizo la kiafya, na uainishaji huo umeanza kutumika Januari 2022. Yapo pia macho makavu na kichwa kugonga, maana mtu akikodolea kioo anasahau kupepesa. Hayo ni ya kweli, na bando linalokwisha ni la kweli zaidi.

China walikwenda mbali: tangu Septemba 2021 mtu wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini hata wao, mpango wao wa mwaka 2018 wa kulinda macho ya watoto haukuishia kwenye gemu. Ulitaka pia watoto watolewe nje. Sisi tunapenda nusu ya kwanza kwa sababu ni rahisi, ni kunyang'anya simu tu. Halafu mtoto huyohuyo tunamfungia kambi ya mtihani, asubuhi darasani, mchana darasani, usiku maandalio chini ya taa moja hafifu, na tunajisifu kwamba shuleni kwetu hakuna simu. Jicho halitofautishi kifungo cha gemu na kifungo cha kambi. Linachojua ni kwamba halijaona mchana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kwa serikali ya wanafunzi. Kila mwaka mnasimamia mapokezi ya mwaka wa kwanza. Ombeni zahanati ya chuo itenge siku mbili za kupima macho kweli, kwa chati ukutani, siyo kwa mhuri. Wapo humu watu wanaodhani ukumbi una projekta mbovu.

La pili ni kwa wenzangu wa ualimu. Kabla ya TP ijayo, kata karatasi uchore herufi E moja yenye urefu wa milimita 17 na nusu, nene na nyeusi, ukingo wake, vidole vyake na nafasi zake viwe na upana sawa. Pima mita sita kwenye kivuli chenye mwanga mzuri. Mwanafunzi afunike jicho moja kwa kiganja, wewe igeuze E juu, chini, kushoto, kulia, naye aoneshe kwa mkono vidole vya E vimeelekea wapi. Kisha jicho la pili. Anayeshindwa hujamwambia ni mgonjwa, umemwandikia jina lake apelekwe kwa mtaalamu. Darasa zima linakwisha kwa vipindi viwili. Na mapumziko yakifika, watoe nje wote, hata yule mpole anayebaki ndani kumalizia notsi. Huyo hasa.

La tatu ni kwako unayesoma hapa ukiwa kitandani hosteli, simu puani. Kwa umri wetu jua halitalirudisha jicho lililokwisha kurefuka, lakini bado unaweza kujua hali yako. Toka nje sasa hivi, simama na mwenzako, tafuteni bango la mbali, msome kwa zamu. Akisoma mstari ambao wewe unauona kama wadudu, usiseme kuna ukungu.

Na ukikutana na mdogo wako au mwanafunzi wako aliyezama kwenye gemu, mkataze kama ni lazima, lakini kwanza mtoe uwanjani umrushie mpira kutoka mbali. Angalia anaanza kuufuata lini.

Miwani yangu ilikula pesa ya chakula ya karibu mwezi mzima kutoka kwenye boom. Nilirudi nayo Newala, nikaenda Shimo la Mungu na bibi. Nikaona moshi, nikaona mto, unang'aa kama bati jipya. Nikauliza huwa unaonekana hivi kila siku? Bibi akasema kila siku. Akanitazama kidogo, akatoa sindano kwenye upindo wa khanga yake. "Haya mume wangu, maadamu umepona, nitungie uzi."